Kukompaili groff kutoka msimbo chanzo, hadi PDF ya kwanza ya Kiswahili

Maswali yanayokuja ni yaleyale. "Groff ninayo, mbona nikiandika `-Tpdf` inagoma?" "Nimeshusha msimbo kwa git, faili la `configure` liko wapi?" "PDF imetoka vizuri kwenye skrini, lakini printa inakata mistari ya chini." Haya hapa majibu yote kwa mpangilio, toka kushusha furushi hadi kutoa karatasi.

Kwa asiyeijua: groff ni programu ya GNU ya kupanga kurasa. Unaandika maandishi ya kawaida, unachomeka amri fupifupi, yenyewe inakutolea PDF, PostScript, HTML au maandishi ya kusomea kwenye terminali. Aliyeianzisha ni James Clark, akifuata troff ya Unix iliyozaliwa Bell Labs miaka ya 1970. Mimi huwapendekezea wanaoanza kukompaili (kugeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoendeshwa) kwa sababu ya udogo wake. Furushi lake ni MB 7 hivi, wakati TeX Live kamili, mfumo mwingine wa kupanga kurasa, inakula GB kadhaa, na kwa anayenunua bando la siku tofauti hiyo si ya kupuuza.

Shida nyingi za wanaoanza huonekana kwenye `make`, amri inayokompaili, lakini chanzo chake ni `configure`, skripti inayoikagua kompyuta yako kabla ya hapo. Hatua ya `configure` huwa imeshasema kinachokosekana, kimyakimya, katikati ya mistari mingi inayopita mbio, na mtu hakusoma. Kwa hiyo hatua ya 4 ndiyo ndefu kuliko zote, na usiiruke.

Je, unahitaji kukompaili kweli?

Pengine hapana. Debian na Ubuntu huja na pakeji ndogo iitwayo `groff-base`, ya kutosha kusomea kurasa za `man` tu. Ndiyo maana `groff` ipo lakini haijui PDF, wala haina makro za `ms` (amri zilizoandaliwa tayari za kupangia hati). Kama una ruhusa ya `sudo` (ya msimamizi) na hilo tu ndilo tatizo lako, andika:

```
sudo apt install groff
```

ukaendelee na maisha. Kompaili kama huna `sudo` (kompyuta za maabara ya chuo, seva ya kazini), kama unataka toleo jipya kuliko lililomo kwenye mfumo wako, au kama unataka kuamua mwenyewe mambo kama ukubwa wa karatasi na fonti. Ubuntu 22.04 na Debian 12, kwa mfano, zimebaki na 1.22.4. Mwongozo huu unatumia 1.23.0, iliyotoka Julai 2023. Ukikuta namba kubwa zaidi kwenye seva ya GNU, chukua hiyo na ubadilishe namba kwenye amri zote zilizo hapa.

Vitu vya kuwa navyo

- Linux yoyote. Mwenye Windows atumie WSL: fungua PowerShell kama msimamizi, andika `wsl --install`, kisha fuata maelezo haya ndani ya Ubuntu itakayokuja.
- Nafasi ya GB 1 kwenye diski. Haitaisha yote, lakini usibanane.
- Kompaila za C na C++, `make`, `m4` na Perl. Groff yenyewe imeandikwa kwa C++, na kitoa-PDF chake, `gropdf`, ni skripti ya Perl.
- Ghostscript (programu ya kusoma PostScript na PDF), pamoja na fonti huria za URW, ambazo umuhimu wake uko hatua ya 4.
- Vya hiari: `uchardet` ya kutambua usimbaji wa faili, `netpbm` na `psutils` kwa wanaotaka HTML, `poppler-utils` ya kukagua PDF.

Kwa Debian na Ubuntu, vyote kwa mpigo:

```
sudo apt install build-essential m4 perl pkg-config ghostscript fonts-urw-base35 libuchardet-dev netpbm psutils poppler-utils
```

Kama huna `sudo`, andika `g++ --version`, `make --version`, `m4 --version` na `perl --version` uone zipi zipo. Kwenye maabara nyingi za kompyuta, programu hizi nne huwa zimeshawekwa kwa ajili ya masomo ya programu. Ikikosekana `g++`, mwombe msimamizi wa mfumo. Hakuna njia ya mkato hapo.

Hatua kwa hatua

1. Tazama kilichopo.

```
groff --version
type -a groff
```

Ya pili inakuonyesha kila `groff` iliyo kwenye njia yako. Kumbuka jibu lake, maana utalilinganisha mbele.

2. Shusha furushi na sahihi yake.

```
cd ~
wget https://ftp.gnu.org/gnu/groff/groff-1.23.0.tar.gz
wget https://ftp.gnu.org/gnu/groff/groff-1.23.0.tar.gz.sig
wget https://ftp.gnu.org/gnu/gnu-keyring.gpg
gpg --no-default-keyring --keyring ./gnu-keyring.gpg --verify groff-1.23.0.tar.gz.sig groff-1.23.0.tar.gz
```

Unachotafuta ni maneno `Good signature`. Chini yake utaonywa kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini. Hilo ni la kawaida, lisikutishe. Ikija `BAD signature`, mara nyingi ni mtandao ulikatika na faili halikutimia. Lifute, lishushe upya.

Onyo la kwanza: chukua furushi la `.tar.gz`, usichukue msimbo wa git. Ndani ya git hakuna `configure`. Faili hilo hutengenezwa na skripti ya `bootstrap`, inayodai autoconf, automake, gnulib na jamaa zake wengine. Huo ni uwanja wa wanaochangia msimbo.

3. Fungua furushi, mahali sahihi.

```
tar xzf groff-1.23.0.tar.gz
cd groff-1.23.0
mkdir jenga
cd jenga
```

Nimeweka saraka ya `jenga` ili takataka zote za kukompaili zikae humo. Ukiharibu, unaifuta yote na kuanza upya bila kushusha tena.

Mahali pana maana kuliko watu wanavyodhani. Fungua furushi ndani ya saraka yako ya nyumbani. Usilifungulie kwenye flashi, wala kwenye `/mnt/c` kwa wa WSL. Flashi nyingi zimefomatiwa FAT au exFAT, ambazo hazitunzi ruhusa za faili za Unix na hurekodi muda kwa namna tofauti. `make` huamua kipi kijengwe upya kwa kulinganisha muda wa mafaili, na muda ukivurugika inaanza kudai `aclocal` na `automake` ambazo wala hukuzihitaji. Ukilazimika kuhamisha kwa flashi, hamisha furushi likiwa limefungwa, ulifungulie huko uendako.

Na jina la saraka lisiwe na nafasi. `~/Kazi Zangu/groff` itagoma kwenye `configure` kwa ujumbe unaoanza na `unsafe`. `~/kazi_zangu` ni salama.

4. Sanidi. Amri yenyewe ni hii:

```
../configure --prefix=$HOME/.local --without-x PAGE=A4 2>&1 | tee sanidi.txt
```

Twende kipande kwa kipande.

`--prefix=$HOME/.local` inasema groff isakinishwe wapi. Ukiiacha, itakwenda `/usr/local`, ambako unahitaji `sudo`. Usithubutu kuweka `--prefix=/usr`. Huko ni kwa apt, na `man` ya mfumo mzima inategemea groff iliyoko huko. Ukiifunika na yako, siku apt ikisasisha mtakutana njiani. Jambo lingine: njia hii inaandikwa ndani ya programu yenyewe wakati wa kukompaili. Huwezi kusakinisha halafu ukahamisha folda kwa `mv` ukategemea itafanya kazi. Amua sasa.

`--without-x` inaruka kitazamaji cha zamani cha dirisha la X. PDF utaifungua kwa programu yako ya kawaida, kwa hiyo hukosi kitu.

`PAGE=A4` ndiyo inayowaponza wengi kwa kutokuwepo. Usipoiambia groff ukubwa wa karatasi, inabahatisha. Mojawapo ya vitu inavyovitazama ni jina la kikoa lililoko kwenye `/etc/resolv.conf`. Kikiishia na herufi mbili za nchi, kama `.tz` au `.ke`, inachukua A4, isipokuwa nchi yenyewe iwe `.us` au `.ca`. Isipopata kitu cha kuitosheleza, inakwenda na letter ya Marekani. Matokeo yake ni kichekesho: mtu anakompaili kwenye mtandao wa chuo wenye `.ac.tz` anapata A4, anarudi nyumbani anarudia kazi ileile kwa simu ya kushea intaneti, anapata letter. Letter ni pana kidogo na fupi kuliko A4, ndiyo maana kurasa zinakaa vibaya kwenye printa iliyopakiwa A4. Andika `PAGE=A4` kila mara uondoe mjadala.

Sasa kipande cha `tee sanidi.txt`. Hiki kinahifadhi kila kilichosemwa. `configure` ikimaliza inachapa muhtasari mfupi wenye mistari ya vitu ilivyovikuta. Usiandike `make` kabla hujausoma. Kagua haya:

Saraka ya usakinishaji iwe ile uliyoitaka. Karatasi iwe A4. Kompaila ya C++ iwe imetajwa. Mstari wa URW useme fonti zimepatikana. Mstari wa `uchardet` ukisema hapana, endelea tu, tutaizunguka kwenye hatua ya 8.

Kama URW hazikupatikana na wewe unajua umeziweka, zitafute:

```
find /usr/share -name 'NimbusRoman-Regular.t1'
```

Chukua saraka iliyotokea (bila jina la faili) uipe `configure`:

```
../configure --prefix=$HOME/.local --without-x --with-urw-fonts-dir=/saraka/uliyoipata PAGE=A4 2>&1 | tee sanidi.txt
```

Angalia kiendelezi: ni `.t1`, yaani fonti za Type 1. Ukiielekeza kwenye saraka yenye `.otf` pekee haitaridhika.

Kwa nini nakazania fonti hizi? Kwa sababu bila hizo groff inakompailika vizuri kabisa, inatoa PDF, na PDF hiyo inafunguka kwako. Shida inakuja unapoipeleka kwa mchapaji. PDF ina fonti 14 za msingi ambazo kwa kawaida `gropdf` haizipachiki ndani ya faili, inazitaja kwa majina tu ikitegemea msomaji anazo. Mitambo ya kuchapa vitabu mara nyingi hukataa faili la namna hiyo, au hubadilisha fonti bila kukuuliza. Ukiwa na URW unaweza kuilazimisha izipachike.

5. Kompaili.

```
make -j2 2>&1 | tee make.txt
```

`-j2` inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwenye RAM ya kutosha aweke `-j$(nproc)`. Mwenye kompyuta ya GB 2 aache `-j` kabisa, atafika tu. Utaona maonyo ya kompaila yakipita. Neno `warning` si kosa. Kosa ni `error`, na `make` yenyewe itasimama.

Ikisimama, usisome mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho husema tu kwamba kuna kitu kiliharibika huko juu. Tafuta kosa la kwanza:

```
grep -n -i 'error' make.txt | head
```

Kwenye orodha hiyo kutakuwemo majina ya mafaili yenye neno hilo, kwa mfano `error.cpp`. Hayo si makosa, yapite.

Na usitumie `sudo make`. Ukikompaili kama root, mafaili yote ya saraka yanakuwa ya root, kisha kila hatua inayofuata inakugomea ukiwa wewe mwenyewe.

6. Ipime kabla ya kuisakinisha.

```
make check
```

Mwishoni kuna hesabu: `PASS`, `SKIP`, `FAIL` na wenzao. `SKIP` ni vipimo vilivyorukwa kwa kukosa programu ya hiari, na `XFAIL` ni vile ambavyo waandishi wenyewe wanajua vinaanguka. Ukiona `FAIL` moja au mbili, maelezo yako ndani ya `test-suite.log`. Mara kwa mara chanzo ni mazingira ya lugha yasiyo ya UTF-8. Andika `locale` uone. Zikiwa nyingi, rudi hatua ya 4.

7. Sakinisha, kisha iambie shell.

```
make install
```

Bila `sudo`, kwa kuwa tunaandika ndani ya saraka yako. Kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa `~/.bashrc`:

```
export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"
```

Fungua terminali mpya, au andika:

```
source ~/.bashrc
hash -r
type -a groff
groff --version
```

`hash -r` inaifanya bash isahau mahali ilipozoea kuikuta groff. `type -a` sasa ianze na `/home/jina_lako/.local/bin/groff`, ile ya mfumo ije chini yake. Mpangilio ukiwa kinyume, umeandika `$PATH` mbele ya saraka yako.

Usiifute saraka ya `jenga`. Siku ukitaka kuiondoa groff hii, unaingia humo na kuandika `make uninstall`.

8. Toa PDF ya Kiswahili. Chukulia wewe ni katibu wa kikundi cha akiba na mikopo. Andika faili la `kikao.ms`:

```
.nr HY 0
.nr PS 11
.nr VS 14
.TL
Kumbukumbu za Kikao cha Akiba na Mikopo
.AU
Katibu wa kikundi
.LP
Kikao kilifunguliwa saa 9:00 alasiri.
Mwenyekiti aliwakumbusha wanachama kwamba ng'ombe wa mradi
hawajauzwa bado.
Makusanyo yalisomwa na mhazini kama ifuatavyo.
.TS
allbox center tab(;);
lb rb
l r.
Mwezi;Makusanyo
Januari;240,000
Februari;255,000
Machi;231,500
.TE
.LP
Kikao kilifungwa kwa sala.
```

Kisha:

```
groff -Kutf8 -t -ms -Tpdf -P-e kikao.ms > kikao.pdf
```

`-Kutf8` inasema faili limesimbwa kwa UTF-8, hivyo groff haihitaji `uchardet` ya kubahatisha. `-t` inapitisha jedwali kwa `tbl`. `-ms` inaleta makro. `-P-e` ndiyo inayoiamrisha `gropdf` ipachike fonti zote. Ukitaka kuona mnyororo mzima bila kuuendesha, ongeza `-V`: utaona `preconv`, `tbl`, `troff` na `gropdf` zikipokezana. Groff yenyewe ni mpangaji wa zamu tu.

Kagua:

```
pdfinfo kikao.pdf | grep 'Page size'
pdffonts kikao.pdf
```

A4 ni karibu pointi 595 kwa 842. Ukiona 612 kwa 792, hiyo ni letter. Kwenye `pdffonts`, safu ya `emb` iwe `yes` kila mstari.

Sasa mambo manne yanayohusu Kiswahili hasa.

Mstari wa `.nr HY 0` unazima ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Groff 1.23 haina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili, na usipoizima inatumia za Kiingereza, ambazo hazijui silabi zetu. Wengi huandika `.nh` juu ya faili wakashangaa maneno bado yanakatwa. Makro za `ms` zinarejesha mpangilio wake kila aya inapoanza, ndiyo maana unarekebisha rejista ya `HY` badala yake. Ukiwa na neno refu linaloacha pengo baya, weka `\%` mahali unaporuhusu likatwe: `wali\%vyo\%kubali\%ana`. Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, kwa hiyo hutasumbuka sana kujua pa kukata.

Ritifaa ya `ng'ombe` haihitaji chochote. Alama iliyonyooka ya kwenye kibodi inatoka ikiwa imepinda vizuri kwenye PDF. Ila mstari usianze na alama hiyo, kwa sababu mwanzoni mwa mstari groff huichukua kuwa ni amri, sawa na nukta, na maneno yako yanapotea bila kelele. Ikibidi, tanguliza `\&`.

Vifupisho. Groff huhesabu nukta iliyo mwishoni mwa mstari wa faili kuwa ni mwisho wa sentensi na kuongeza nafasi. Mstari wako ukiishia na `Bw.` au `Dkt.`, utapata pengo kati ya cheo na jina. Andika `Dkt.\&`, au panga mistari upya. Zoea pia kuanza kila sentensi kwenye mstari wake, kama nilivyofanya hapo juu. Utaushukuru utaratibu huo siku ya kuhariri.

Na maandishi uliyoyanakili toka simu au Word huja na alama za kunukuu zilizopinda. Ukisahau `-Kutf8`, zinageuka vikorokoro kama `â`.

Ikigoma

*`configure` inasema haina kompaila inayofanya kazi.* Una `gcc` bila `g++`. Kwenye Ubuntu ni `build-essential`, kwenye Fedora ni `gcc-c++`. Ukishaiweka, futa saraka ya `jenga`, itengeneze upya, sanidi tena. Usiendelee juu ya mabaki.

*`WARNING: 'aclocal-1.16' is missing`, namba inaweza kutofautiana.* Muda wa mafaili umevurugika: flashi, au umenakili saraka iliyokwisha kufunguliwa. Fungua furushi upya nyumbani. Usikimbilie kusakinisha automake.

*`Clock skew detected`.* Saa ya kompyuta imerudi nyuma, kawaida ya laptopu kuukuu ambayo betri ya ubao mama imekufa. Tazama `date`, rekebisha saa, kisha fungua furushi upya.

*`Killed` katikati ya `make`.* RAM imeisha na mfumo umeiua kompaila. Funga kivinjari, andika `make` bila `-j`. Itaendelea ilipoishia.

*`Permission denied` kwenye `make install`.* Umesahau `--prefix`. Jibu si kuongeza `sudo`, ni kurudi hatua ya 4. Kukompaili upya ni dakika chache.

*Haipati faili la makro la `s`, au haijui kifaa cha `pdf`.* Bado unaendesha `groff-base` ya mfumo. Rudia `type -a groff`. Hutokea pia ndani ya cron (mpanga-ratiba wa kazi zinazojiendesha zenyewe), ambayo haisomi `~/.bashrc` yako. Humo andika njia kamili.

*`gropdf` inalalamika kuhusu fonti ukiweka `-P-e`.* URW hazikuwepo wakati unasanidi. Kuzisakinisha sasa hakutoshi, kwa sababu orodha ya fonti ilitengenezwa wakati wa kukompaili. Rudi hatua ya 4, na safari hii futa `jenga` kwanza.

*Jedwali linatoka kama maandishi matupu yenye nukta-mkato.* Umesahau `-t`.

Ukikwama kabisa ukataka kumuuliza mtu, usitume picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Tuma jina na toleo la mfumo wako, amri ya `configure` uliyoandika neno kwa neno, muhtasari ulio mwishoni mwa `sanidi.txt`, na mistari kumi kuanzia kosa la kwanza ndani ya `make.txt`. Kama `configure` yenyewe ndiyo iliyosimama, ambatanisha `config.log` iliyoko ndani ya `jenga`.